Meru kwa miguu: vijiji kwanza, kilele baadae

Jumanne, Nkoaranga

Nimeamkia Nkoaranga kwa mama yake rafiki yangu niliyekuja nae kutoka Dar, nyumba ipo katikati ya migomba na kahawa juu ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, na kabla hata sijafungua dirisha nasikia maji yanapita nyuma ya jiko. Ni mfereji wa udongo tu, upana kama futi moja hivi, unatoka juu kwenye chemchemi unapita shamba la huyu unaingia la yule na kila kaya ina zamu yake. Mama alikua kavaa mabuti ya mpira kashika jembe, akavuta bonge la udongo na magome ya mgomba yaliyokua yameziba njia, maji yakageuka yakaingia kwenye kahawa, akasimama anayaangalia mpaka yalipofika mwisho wa mstari alafu ndo akageuka akaniambia mwanangu njoo unywe chai, zamu yetu inaisha saa nne.

Nimekuja kupanda mlima Meru lakini nilishaamua toka Dar kwamba sipandi kabla sijakaa vijijini kwanza. Ukitafuta habari za mlima huu mtandaoni utakuta urefu, gharama na picha za kilele, basi, watu wanaoishi chini yake hawatajwi kabisa, na mi naamini huwezi kusema unaujua mlima kama hujui unawapa nini watu wake na unawanyima nini. Ndo maana simulizi hii itakua na maji mengi kuliko mawe, mtanivumilia.

Huku kusini mlima una huruma kwakweli. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi unakuja kugonga upande huu, mvua inashuka, msitu unaishika, chemchemi zinatoa mwaka mzima. Nkoaranga, Akheri, Nkoanrua, Mulala, ukipita kote huko ni kijani mwanzo mwisho, mgomba juu kahawa chini na katikati kuna parachichi na majani ya ng'ombe, mashamba yenyewe madogo madogo yamebanana mpaka huoni mpaka wa mtu na mtu kama hujaonyeshwa. Mito ya Tengeru, Malala, Makumira na Usa yote inashuka kutoka juu huko inaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa nao unajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka pale ni mto Pangani mpaka baharini, na njiani unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ile ya maporomoko ya Pangani. Yaani mtu wa Tanga akiwasha taa usiku kuna maji ya Meru yamechangia pale.

Mchana tumekula loshoro, mahindi yaliyokobolewa na mtindi wa kutosha, kinashibisha mpaka jioni hutaki kitu kingine. Tulipomwambia mama kwamba kesho tunaenda Ngarenanyuki kwa mdogo wake alinyamaza kidogo alafu akasema bebeni maji ya kunywa kutoka huku. Sio kwamba kule hakuna maji, yapo, ila nyie bebeni.

Jumatano, Tengeru mpaka Ngarenanyuki

Leo ni siku ya soko Tengeru. Kwa ambae hajafika, soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi ni kitu kikubwa, wamama wanashuka na ndizi kutoka milimani, wafugaji wanapanda kutoka tambarare, nguo za mtumba, viatu, mbegu, kila kitu. Tumenunua karanga, parachichi ngumu za kuiva njiani, tangawizi na glavu za mtumba, hizi glavu nawashauri mzitafute hapa hapa, nzito na bei ya chini kuliko madukani mjini.

Tengeru yenyewe ina historia ambayo wengi wanaipita tu. Wakati wa vita kuu ya pili paliwekwa kambi ya wakimbizi kutoka Poland, karibu watu 5,000, wengi wanawake na watoto, na makaburi yao yapo mpaka leo yanatunzwa vizuri. Sikupata mda wa kuingia.

Kutoka Usa River tumepanda gari la Ngarenanyuki. Sasa hii barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Arusha, yaani unakata tiketi ya kawaida kabisa ya kwenda kijijini na humo ndani mmekaa na wanafunzi, kuku na magunia, dirishani unaona twiga. Kwenye uwanda wanaouita Serengeti Ndogo kulikua na nyati wengi, pundamilia na ngiri, na hakuna abiria hata mmoja aliyegeuza shingo zaidi yangu, wenzangu wameshazoea wanapita hapo kila wiki kupeleka nyanya mjini na kurudi na sabuni.

Ukishapita upande wa Momella nchi inabadilika mbele ya macho yako. Mlima ni ule ule, ila sasa umeuzunguka umekuja nyuma yake, na ile mvua imeishia kule tulikotoka. Huku ni vumbi, mawe, migunga, na kijani ipo pale tu mfereji unapofika. Ngarenanyuki inalisha watu nyanya na vitunguu, mashamba yanamwagiliwa kwa maji ya mto wenye jina hilo hilo, na jioni tulipofika kulikua na Fuso mbili zinapakia matenga, vijana wanapokezana tenga kwa tenga huku mwenye mzigo anahesabu kwa sauti. Kazi ngumu sana na bei anaipanga mnunuzi, mkulima anaambiwa tu.

Mama mdogo anaishi Uwiro. Amani mama, shikamoo, marahaba, akatukalisha nje chini ya mti, wajukuu wakaja kusalimia mmoja mmoja na kila aliyecheka niliona meno. Yana rangi ya kahawia, mengine yana mistari, mengine yamemomonyoka kingo. Watoto wazuri wachangamfu, na yule mkubwa, binti wa kama miaka 13, anacheka huku kaziba mdomo na kiganja. Hapo ndo nilielewa maneno ya mama wa Nkoaranga.

Ni floraidi. Meru ni volkano, miamba na majivu yake yana madini hayo kwa wingi, maji yakipita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, vyanzo vingi vya huku vinazidi hapo mara nyingi tu. Kidogo inasaidia meno, ikizidi inayaharibu wakati bado yanajengeka ndani ya fizi, kwa iyo mtoto akinywa maji haya miaka yake ya mwanzo madhara hayafutiki kwa mswaki wala dawa. Ikiendelea miaka mingi inaenda kwenye mifupa, viungo vinakakamaa, na kuna watoto miguu inapinda. Na kuchemsha hakusaidii, nasisitiza hili sababu watu wengi wanadhani maji yakichemka yamekua salama, kwa vijidudu sawa, kwa floraidi hapana, mvuke unaondoka floraidi inabaki kwenye sufuria. Hata magadi wanayowekea makande yaive haraka yanaongeza. Na tusidhani kusini wote wamepona, zipo chemchemi za kule pia zina shida, ila huku kaskazini ndo mzigo mkubwa umelala.

Zipo njia za kuipunguza. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamefanya kazi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa kwa utaratibu maalum alafu inasagwa chenga chenga na maji yanapitishwa humo, mifupa inashika floraidi. Njia nyingine ni mvua, maji ya mvua hayana kitu hicho. Mama mdogo ana simtanki moja la lita 1,000 kwenye kona ya nyumba, limeunganishwa na upande mmoja tu wa bati, na mfuniko kaufunga kwa kufuli, ufunguo upo kwenye kamba shingoni kwake. Hayo maji ni ya kunywa tu na ya uji wa mjukuu mdogo wa mwisho. Akamfungulia mdomo tuone, meno manne mbele, meupe kabisa. Haya ni ya utotoni akasema, tunasubiri yale ya ukubwa. Alipoyaongea hayo hakua na masikitiko, alikua na hesabu kichwani: mvua za masika zinajaza tangi, ukipima vikombe linafika mwezi wa saba, baada ya hapo ni kununua au kunywa ya bomba.

Jumatatu tutarudi hapa.

Alhamisi, Uwiro na Kisimiri

Siku ya kuzoea hali ya hewa tunasema, lakini kwangu ilikua siku ya kusikiliza. Asubuhi tumetembea kuelekea Kisimiri. Wabongo wanaofatilia matokeo ya kidato cha sita wanalijua hilo jina, shule ya serikali iliyoongoza nchi nzima 2016, ipo huku huku kwenye vumbi na baridi ya mlima. Nilisimama barabarani nikaiangalia kwa mda. Tukiongelea fahari za mlima huu tuanzie na hapa.

Mchana tumekaa na babu mmoja, jirani wa mama mdogo. Tulimpa shikamoo tukakaa chini, na ilibidi tungoje amalize kulisha mbuzi wake. Nilimuuliza habari za zamani akaniuliza zamani ipi, ya Wajerumani au ya kuchomewa nyumba. Nikasema ya nyumba.

Ni hivi. Toka enzi za Wajerumani ardhi nzuri ya chini ya Meru ilianza kugawiwa walowezi, mashamba yao yakauzunguka mlima, wananchi wakabanwa kati ya mashamba hayo na msitu wa serikali. Ngarenanyuki ilikua pumzi yao, Wameru walikua wameshainunua tena sehemu ya ardhi hiyo na kuhamia na ng'ombe. Baada ya vita Waingereza wakamtuma jaji Mark Wilson kuangalia mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi, ripoti yake ikatoka 1947, na kilichopangwa ni kwamba eneo lote la huku liwe la ranchi za Wazungu na Wameru wahamie King'ori. Wakakataa. Novemba 1951 askari wakaja. Watu kama 3,000 wakatolewa, nyumba na mazao vikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Babu alikua mtoto wa kubebwa mgongoni na anasema hakumbuki askari, anakumbuka mama yake anakimbia na kinu. Mpaka leo hajui kwa nini alichagua kinu.

Na Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York 1952, akiwa na wakili Earle Seaton, kwenda kuwashtaki Waingereza kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mtanganyika wa kwanza kusimama pale na malalamiko ya watu wake alikua yeye, mtu wa hapa hapa chini ya mlima, miaka miwili kabla ya TANU haijazaliwa. Kwenye Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikufikisha theluthi mbili ya kura, kwa iyo kwenye karatasi walishindwa, lakini habari ilienea Tanganyika nzima, na zile ranchi zenyewe hazikufanikiwa, watu wakarudi. Mimi hii habari sikuifundishwa kwa urefu unaostahili shuleni na inaniuma. Ingetakiwa kila mtoto wa Tanzania aijue kama anavyojua Majimaji.

Babu akamaliza akasema haya nendeni mkapande, ila mkifika juu angalieni upande wa huku muone ardhi iliyogombaniwa, ni ndogo.

Ijumaa, Momella mpaka Miriakamba

Geti la Momella lipo kama mita 1,500. Hapa unasajiliwa, unakutana na mwongozaji na wagumu, hivyo ndivyo wapagazi wanavyojiita wenyewe na wanastahili jina, mizigo inapimwa, na unasubiri askari wa hifadhi mwenye bunduki sababu Meru hupandi bila askari. Sababu ni nyati. Simba hifadhi hii haina, chui yupo ila hujionyeshi kwake wala yeye kwako, nyati ndo wenye nyumba. Tumeungana na vijana wawili kutoka Nairobi, watu wazuri sana.

Ukitoka getini tu unavuka daraja, na mto ulio chini yake ni Ngarenanyuki, ule ule wa nyanya za juzi. Maji maangavu, baridi, yanaruka juu ya mawe, ukiyaona hivi unatamani ujaze chupa. Rafiki yangu alisimama katikati ya daraja hakusema kitu, binamu zake ndo wamekulia kwenye haya maji.

Njia ndefu inaingia msituni taratibu. Kuna mkuyu maarufu umeota kwa namna kwamba mizizi yake imeacha uwazi mkubwa katikati na njia inapita humo ndani, tembo anapita. Mbega walikua wengi, wale weusi wenye manyoya meupe marefu, wanaruka matawi juu yetu na mkia unafuata nyuma. Juu zaidi ni mitarakwa na mipodo imefunikwa ndevu za kijani, ukungu ukaanza kushuka tukavaa makoti. Askari wetu alikua kimya mda wote, anasimama, anasikiliza, anatuonyesha kwa kidole mavi mabichi ya nyati alafu tunasubiri. Mara moja walikua karibu kabisa, tulisikia matawi yanavunjika hatukuwaona.

Miriakamba ni mita 2,514, mabanda ya mbao, vitanda vya ghorofa, safi. Tulifika mapema tukaenda kutembea chini ya kreta na hapa ndo nashindwa namna nzuri ya kuelezea. Meru ni kama bakuli lililovunjika upande mmoja. Maelfu ya miaka iliyopita, makadirio yanayotajwa sana ni kama miaka 7,800, upande wote wa mashariki wa mlima uliporomoka, matope na mawe yakamwagika mpaka kule kwenye maziwa ya Momella na kuelekea Kilimanjaro. Unaposimama pale chini unatazama ukuta wa ndani ulioachwa, umepanda zaidi ya mita 1,500 wima, na mbele yake kimekaa kilima cha majivu cheusi kilichoota baadae ndani ya kreta. Mara ya mwisho mlima kutoa majivu ilikua 1910. Kwa hiyo haujafa. Na ni hapa hapa ndani maji ya kaskazini yanapoanzia safari, kwenye majivu na miamba hii, na ndo inapoingia ile floraidi. Sijawahi kuona sehemu nzuri hivi inayotoa kitu kinachoumiza watoto, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Jumamosi, Saddle na Meru Ndogo

Leo ni ngazi tupu. Kutoka Miriakamba kwenda Saddle, kambi ya pili, njia imetengenezwa ngazi za mbao na udongo, zinapanda kwenye msitu wenye utelezi, pumzi inakua fupi. Vituo vina majina ya Kiswahili nikafurahi, Topela Mbogo kwanza alafu Mgongo wa Tembo, hapo Mgongo wa Tembo msitu unakwisha unaona kreta kutoka juu na kila mtu akakaa kula ndizi.

Baada ya hapo miti inakua mifupi, vichaka, alafu nyasi na upepo. Saddle ipo mita 3,570. Mwongozaji akatuambia tule tunywe alafu tupande Meru Ndogo, mita 3,820, kisha turudi kulala chini yake, mwili unazoea hewa nyepesi kwa namna hiyo. Mmoja wa wale vijana wa Nairobi kichwa kilikua kimeanza kumuuma, alisema wazi bila kuficha na nilimheshimu kwa hilo sababu wengi wanaficha mpaka wanaanza kutapika. Akapewa maji, akalala, hakupanda Meru Ndogo.

Jioni wagumu wamepika supu ya tangawizi na wali. Nikakaa nao jikoni sababu kuna moto, wengi wao wanatoka vijiji vya Usa River na Ngarenanyuki, mmoja analima nyanya na anapanda mlima pale bei ya nyanya ikianguka. Alisema msimu ambao nyanya zinalipa humuoni huku. Nikamuuliza meno yake, akacheka akayaonyesha, yale yale, akasema haya ni kitambulisho changu, hata nikiwa Dar watu wananiuliza wewe wa Arusha eeh.

Jumapili, kilele

Tumeamshwa saa saba usiku, chai, biskuti, tochi za kichwani, tukaondoka saa nane. Kijana wa Nairobi alijaribu, tulipofika Rhino Point akasimama, macho mazito, hatua hazina mpangilio. Mwongozaji msaidizi akamshusha hapo hapo bila majadiliano. Jamani hili niliseme vizuri, maumivu ya kichwa yanayozidi pamoja na kutapika au kuyumba dawa yake ni kushuka, sio kidonge na sio kujikaza.

Kutoka pale kuna sehemu ya mwamba unashika kwa mikono, usiku huoni chini na nadhani ni bora hivyo. Alafu unaingia kwenye ukingo wa kreta wenyewe, majivu meusi, hatua moja mbele nusu nyuma, kushoto ni lile shimo tuliloliona kutoka chini juzi, kulia mteremko unaokwenda mpaka upande wa Oldonyo Sambu. Baridi ilinipata kwenye vidole vya miguu nikawa navikunja na kuvikunjua ndani ya kiatu kila tukisimama. Kwa mbali chini taa za mji wa Arusha. Hatuongei. Askari yupo mbele na bunduki yake mgongoni, anatembea mwendo ule ule mmoja toka tumeondoka.

Jua limetukuta tukiwa tumepita Cobra Point. Lilichomoza nyuma ya Kilimanjaro, kwanza mstari mwekundu, alafu Kibo na Mawenzi vikajitokeza vyeusi kabisa juu ya mawingu, kisha rangi ikaja. Kilima cha majivu chini yetu kikawaka rangi ya dhahabu. Nililia kidogo, rafiki yangu pia, hakuna aliyemuuliza mwenzie.

Kilele chenyewe unakifikia kwa kukwea mawe ya mwisho, kina bendera ya Tanzania ya bati na ubao. Urefu ni mita 4,562, vitabu vya zamani vinasema 4,566. Kinaitwa Socialist Peak, jina la enzi za Ujamaa, na ukikumbuka kwamba Azimio la Arusha limepitishwa pale chini mjini mwanzoni mwa 1967, mwaka ule ule hifadhi ilipopanuliwa kuingiza kreta ya Meru, unaona kwamba hata kilele kiliandikwa kwenye hesabu za nchi. Kwenye habari za nani alifika wa kwanza utakuta majina mawili ya Wajerumani, Carl Uhlig 1901 na Fritz Jaeger 1904. Sina ugomvi nao.

Upande wa magharibi kivuli cha mlima kilikua kimelala juu ya nchi ya Wamasai, pembetatu kubwa imenyooka. Kusini kijani nzito, Nkoaranga ipo humo mahali fulani chini ya ukungu. Nikageuka kaskazini kama babu alivyosema. Ngarenanyuki ni kipande chembamba cha kijani kando ya mto, kinaanza, kinaisha, baada yake ni tambarare kavu mpaka huko Longido. Ni ndogo kweli. Unaweza kuifunika kwa kiganja, na watu walichomewa nyumba kwa ajili yake na wakaenda mpaka New York.

Kushuka sitaelezea sana, magoti yanajua. Mchana tumefika Saddle tukala, kijana wa Nairobi alikua kashapona anacheka, jioni tupo Miriakamba, nimelala saa moja.

Jumatatu, Momella na Uwiro

Tumeshuka njia fupi, nyasi wazi, twiga wamesimama njiani hawana haraka. Getini tumepewa vyeti na hapa nina neno moja kwa watakaokuja: asante ya wagumu mpe kila mtu mkononi mwake mwenyewe, mbele ya wenzake, na muulize mapema mwongozaji kiwango cha kawaida ili msije mkaaibishana. Mgumu wetu mkulima alichukua ya kwake akauliza nani ana salio ampigie mkewe bei ya nyanya leo.

Uwiro tulifika saa nane. Usiku wa Saddle rafiki yangu alikua ameshaandikia ndugu zake kwenye grupu la familia, na mpaka tunashuka walikua wameshachanga hela ya simtanki la pili, lita 2,000, pamoja na gata za kuzungushia bati lote, sababu tuliona Jumatano kwamba robo tatu ya mvua ya paa lile inamwagika chini tu. Fundi kaja kupima kwa kamba, kaandika kwenye kiganja, kasema gata atazifunga Alhamisi ila jukwaa la tangi lijengwe kwanza, mawe yapo, saruji mifuko miwili. Mama mdogo anataka jukwaa liwe refu ili ndoo iingie vizuri chini ya koki, fundi anataka fupi, wakabishana mpaka mama mdogo akashinda.

Rafiki yangu amebaki kusimamia jukwaa. Mimi kesho asubuhi nashuka Usa River natafuta gari la King'ori, babu ameniandikia kwenye karatasi jina la mwenzie waliyehamishwa pamoja 1951 na ambae hakurudi tena huku, amesema nikifika sokoni niulize tu, wananijulisha.